Baba Alisema "Toka", Nikamrudisha Purukushani

"Toka!"

Miezi minne baba yangu mzazi hajafungua kinywa... na siku anakifungua, hilo ndilo neno lililotoka.

Alilisema akininyooshea mkono mimi. Mbele ya kaka yangu, mbele ya shangazi, mbele ya wifi na watoto wake. Jumapili mchana, chai ya wageni hata haijapoa.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimemshika mbwa wangu kwa mkanda. Mbwa anahema, mimi sihemi.

"Toka!" akarudia.

Shangazi alipiga kigelegele. Simlaumu jamani, kaka yake kaongea! Halafu akatambua kilichosemwa ni nini, kigelegele kikakatikia njiani.

Kaka yangu akatikisa kichwa.

"Umesikia mwenyewe, mdogo wangu. Mzee kasema."

Mnaonifahamu humu mnajua mimi si mtu wa kulialia. Mdomo ninao, wateja wangu ni mashahidi. Lakini siku ile niliingia jikoni, nikafungulia bomba hadi mwisho ili wasinisikie, nikalia mpaka kamasi zikaniziba.

Leo nasimulia yote. Mnitukane mkitaka, nitasoma.

Ili mnielewe, lazima mumjue baba.

Siku za kazi alikuwa mtunza stoo. Wikiendi alikuwa refa wa mechi za mtaani, miaka thelathini. Mtaa mzima unamwita Refa. Hata marehemu mama alimwita Refa, hata chumbani wakiwa wawili tu!

Kadi nyekundu hakuwa na habari nazo. Alikuwa ananyoosha kidole nje ya uwanja na kusema, "Toka." Mchezaji anatoka. Awe na misuli, awe na mashabiki mia, anatoka.

Na nyumbani hivyo hivyo. Ukitafuna kwa kelele: toka. Kuku akiingia sebuleni: toka. Muuza sabuni akianza maneno yake matamu pale mlangoni: toka! Mimi na kaka tulikuwa tunamwigiza tukicheka hadi tunashika mbavu.

Mpaka siku liliponiangukia mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mwaka wa mwisho chuo cha uuguzi. Nikarudi nyumbani nikamwambia baba naacha. Nikiona damu naanguka. Wagonjwa wenyewe ndio walikuwa wananipepea! Nilichokitaka mimi ni kushona.

Akaniuliza swali moja tu.

"Umeamua?"

"Nimeamua, baba."

"Toka."

Nilidhani anatania. Nikatabasamu. Yeye hakutabasamu.

Mama alimfuata chumbani kumbembeleza. Sote tulisikia jibu lake.

"Refa akishapuliza filimbi, habadilishi uamuzi."

Nikatoka na begi moja. Miaka tisa sikulala tena nyumba ile. Siku tuliyomzika mama nilisimama nyuma kabisa, na baba akanipita hatua mbili bila kugeuza shingo.

Basi. Mwaka huu kiharusi kikamwangusha.

Kaka akanipigia. Yeye ni dereva wa malori ya masafa marefu, anaishi ghorofa ya tatu isiyo na lifti. Baba hawezi hizo ngazi.

"Mdogo wangu, ni wewe tu. Kazi yako cherehani, na cherehani inahamishika."

"Yeye amekubali nije?"

"Hawezi kusema chochote. Hana hata neno moja."

Nikahama na cherehani yangu, pasi yangu na marobota yangu ya vitambaa. Mimi nashona mapazia. Nilipoingia, baba alikuwa kwenye kiti, upande wa kulia umelala wote, mdomo umevutwa. Akanitazama. Sikujua ni karibu au ni toka, maana uso wenyewe haukuwa unamtii.

Nisiwadanganye. Sikurudi kwa wema peke yake. Nilirudi kwa sababu nilikuwa nataka anisamehe kabla hajafa. Neno moja tu, hata "haya" ingenitosha. Na kiharusi kilikuwa kimeyabeba maneno yote.

Miezi mitatu nikamlisha, nikamwogesha, nikamgeuza. Yeye anatazama ukuta. Mtu wa mazoezi ya viungo anakuja, anamvuta mkono, anamvuta mguu, anaondoka. Siku moja akaniita pembeni.

"Dada, mguu una uwezo. Mwenyewe ndiye hataki. Mzee anahitaji sababu ya kunyanyuka."

Sababu nitaitoa wapi mimi? Vitambaa?

Wiki hiyo hiyo nikapeleka mapazia kwenye kituo cha mbwa waliotupwa, nje kidogo ya mji. Ofisini kwao jua lilikuwa linawapiga usoni. Msimamizi ni mama mmoja wa makamo, sauti imekauka kwa kubishana na mbwa kutwa. Watu wanamwita Mama Mbwa na wala haoni shida.

Niko juu ya stuli napachika ndoano, nikasikia waya unapigwa. Gwa! Gwa! Gwa!

"Kitu gani hicho?"

"Usijali, mwanangu. Ni kile kichaa cha kizimba cha tisa. Kimesikia mgeni."

Nikaenda kukiona. Mbwa dume, hajafikisha mwaka, kahawia, sikio moja limesimama, jingine limelala. Anaruka juu, anashuka, anazunguka, anaruka tena. Kaniona! Kaleta bakuli lake la maji kwa meno, kalimwaga lote, kanitazama kama anangoja nimpongeze.

Nikacheka. Miezi mitatu sijacheka, jamani.

"Huyu vipi?"

"Karudishwa mara mbili," Mama Mbwa akasema. "Kwa watu wa kwanza alikula viatu, kila jozi anakula kimoja. Wa pili aliwachimbia bustani mpaka bomba la maji likaonekana. Hana ubaya hata chembe. Ana nguvu tu, na hana pa kuzipeleka."

"Na akirudishwa tena?"



"Vizimba ni ishirini na nne, mwanangu, na wanaoletwa hawaishi. Anayerudi mara ya tatu tunamweka siku saba. Asipopata mtu anachomwa sindano, analala moja kwa moja. Namshika mimi mwenyewe, simwachii mtu."

Nikamtazama yule mbwa.

"Kwa hiyo usimchukue kwa huruma," akaendelea. "Huruma inaisha. Mchukue kama una uhakika."

"Nina uhakika."

Nikasaini. Mnasikia? Nilijua yote, nikasaini kwa mkono wangu.

Nikamwita Purukushani. Hakuna jina jingine lingemtosha.

Siku ya kwanza alikula pindo la pazia la mteja. Siku ya pili akaiba utepe wangu wa kupimia, akazunguka nao nyumba nzima, meza na viti vikafungwa pamoja. Siku ya tatu akaingia chumbani kwa baba akatoka na ndala.

Baba alikasirika! Macho yakamtoka. Kwa ule mkono wa kushoto uliobaki mzima, akaokota ndala ya pili akamrushia mbwa kwa hasira zake zote.

Purukushani akaidaka hewani. Akairudisha. Akaiweka juu ya goti la baba.

Baba akaitazama ndala, akamtazama mbwa, akairusha tena.

Ikarudi.

Nilikuwa mlangoni na sahani ya chakula mkononi. Nilisimama pale mpaka chakula kikapoa. Na mara ya kumi hivi, ikatoka sauti kifuani mwa baba, kama mtu anayekohoa. Kumbe anacheka.

Baada ya hapo mambo yakaenda yenyewe. Ndala ikirushwa mbali, mbwa akizembea makusudi, baba ananyanyuka kwenda kuifuata. Anashika ukuta, anavuta mguu, anafika. Wiki ya tatu alikuwa anakwenda mwenyewe hadi mlango wa nyuma, anaegemea fremu na mkongojo wake, anamtazama Purukushani akikimbiza kivuli cha nguo kwenye kamba.

Siku moja mbwa alimrukia kwa furaha akamwangusha juu ya mkeka. Hakuumia, nilimkagua kucha hadi utosi. Bahati mbaya kaka naye ndiyo anaingia.

"Hiki nini sasa? Siku atakapovunjika nyonga utamshona na cherehani?"

"Kaka, baba anatembea! Huoni?"

"Naona yuko chini."

Hakunielewa. Alirudi safarini na kinyongo chake.

Ndipo ikaja ile Jumapili.

Walikuja wote kumwona mzee. Purukushani nilikuwa nimemfungia uani kwa heshima ya wageni. Akafungua kitasa kwa pua, sijui nani alimfundisha, akaingia sebuleni mbio, akapanda juu ya mapaja ya baba, kikombe cha chai kikaruka, wifi akapiga yowe. Mimi nikamkamata mkanda nikamvuta hadi mlangoni.

Na baba akatunyooshea mkono.

"Toka!"

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi sikusikia mzee mgonjwa wa miaka sabini. Nilimsikia Refa. Neno la mwisho aliloniambia miaka tisa iliyopita na neno la kwanza aliloniambia leo... ni lile lile!

Kaka alinifuata jikoni. Akafunga bomba.

"Mrudishe mbwa ulikomtoa."

"Kwa hiyo anayefukuzwa ni mbwa au ni mimi?"

Hakunitazama. Alitazama vyombo.

"Sijui. Anza na mbwa."

Anza na mbwa! Nilikuwa na uwezo wa kubisha, mnanijua. Nilikuwa na uwezo wa kwenda kupiga magoti mbele ya baba na kumuuliza, baba unamaanisha nini? Ana kichwa cha kutikisa, ana mkono wa kuonyesha. Sikumuuliza. Niliogopa jibu.

Jumatatu asubuhi nikamfunga mkanda Purukushani. Alifurahi! Kwake yeye mkanda ni matembezi. Njia nzima ananivuta, kila nguzo ananusa, kila mtu anamsalimia.

Tulipofika geti la kituo, mkia ukasimama.

Akakaa chini. Yeye, ambaye hajawahi kukaa chini tangu nimjue! Nikamvuta. Mchanga ukabaki na mistari ya miguu yake.

Mama Mbwa hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Unakumbuka nilichokwambia, mwanangu?"

"Nakumbuka."

"Siku saba."

"Labda atapata mtu."

"Labda."

Akamwingiza kizimba kile kile cha tisa. Nilipogeuka kuondoka nilingoja kusikia waya ukipigwa. Haukupigwa.

Ngoja niliseme lilivyo, maana wengine mtanitetea kwenye maoni na sitaki. Nilimtoa yeye ili nibaki mimi. Niliona baba anataka mtu wa kufukuza, nikampa mbwa.

Nikarudi nyumbani nikijua sasa kutakuwa na amani.

Wapi!

Kesho yake asubuhi baba akajikokota hadi mlango wa nyuma. Akatazama uani. Akagonga fremu kwa mkongojo.

"Toka!"

Niko jikoni nakoroga uji. Mwiko ukanidondoka.

"Toka... toka... toka!"

Akageuka, akanitazama mimi. "Toka?"

Nikamwekea uji, akasukuma bakuli. Mchana akasukuma sahani. Kila asubuhi mlangoni, kila asubuhi toka, na kila akimaliza ananigeukia mimi, macho yamejaa maji. Mimi nikasema moyoni, huyu mtu ananichukia mpaka analia!

Nikampigia kaka. Alikuwa safarini.

"Kaka, mbwa nimeshamrudisha na bado baba ananifukuza."

Nilisikia injini tu.

"Kaka?"

"Vumilia, mdogo wangu," akasema. "Nikirudi tutaongea."

Nikaanza kufunga vitambaa vyangu marobota. Nilishajua nitarudi kwenye chumba changu cha kupanga.

Na simu. Hili la simu sijawahi kumwambia mtu.

Alhamisi ililia. Jumamosi ikalia. Jumapili ikalia muda mrefu, ikakata, ikalia tena. Ilikuwa namba ya kituo. Niliijua, nilikuwa nimeihifadhi tangu kazi ya mapazia. Nikaiwekea kitambaa juu, nikaendelea kukanyaga cherehani.

Jumanne yake ilikuwa zamu ya kliniki. Siku zote kaka ndiye humpeleka baba, lakini alikuwa hajarudi, nikampeleka mimi. Mara hii ni kwa mtaalamu wa matamshi, dada mmoja mdogo wa umri, mwenye subira ya ajabu.

Akamwonyesha baba kikombe.

"Mzee wangu, hiki ni nini?"

"Toka," baba akajibu.

Nikadhani nimesikia vibaya.

Akamwonyesha kitana.

"Toka."

Picha ya mtoto mchanga. Baba akalainika uso mzima. "Toka," akasema, taratibu, kwa upendo.

"Na jina lako mzee?"

"Toka." Akaona amekosea. Akajaribu tena, mishipa ikamsimama shingoni. "Toka! To... toka!" Akapiga goti lake kwa hasira.



"Samahani, dada... anasema nini?"

"Anasema vitu vingi sana," akajibu. "Ila mdomo una neno moja. Kiharusi kinaweza kukupokonya maneno yote kikakuachia lile moja ulilolizoea kupita kiasi. Nina bibi mmoja mpole, mcha Mungu, kabakiwa na tusi. Wajukuu wake wanakufa kwa kicheko. Mzee wako kabakiwa na hili."

"Kwa hiyo akisema toka..."

"Huenda anasema maji. Huenda anasema asante. Huenda anasema njoo. Usilishike neno, liache lipite. Tazama mkono, tazama macho."

Nikauona ule mkono wa Jumapili. Jamani! Baba yangu akifukuza mtu hunyoosha kidole, miaka thelathini uwanjani, kidole! Siku ile alininyooshea mkono mzima, kiganja juu, vidole vimefunguka. Mtu hafukuzwi hivyo. Mtu huitwa hivyo.

"Lakini hakuwa anasema kitu kabisa nyumbani," nikasema. "Mpaka juzi."

"Anajisikia akiongea, dada. Anajua linalotoka silo. Aliposema hapa mara ya kwanza, wiki tano zilizopita, aliona aibu akajifunga mdomo. Kama amelisema nyumbani mbele ya watu, basi alikuwa na jambo kubwa la kusema mpaka aibu ikamtoka." Akanitazama. "Kwani kaka yako hakukueleza? Nilimweleza yote, nikampa na karatasi ya maelezo."

Kaka alijua.

Alikuwa sebuleni Jumapili ile, anajua, akasema "mzee kasema."

Lakini sikuwa na nafasi ya kaka kichwani. Nilikuwa nahesabu kwenye vidole. Jumatatu hadi Jumatatu...

Nikampakia baba kwenye teksi.

"Tukimbie, dereva, tafadhali! Kituo cha mbwa."

"Mbwa kakuuma?"

"Endesha tu!"

Tulipofika, mbwa walikuwa wanabweka wote. Baba akasikia. Akakaa wima kwenye kiti, akashika dirisha kwa mkono wake mzima, uso unang'aa.

"Toka! Toka! Toka!"

Kwa mara ya kwanza nikalisikia neno lile vizuri. Alikuwa anamwita mbwa wake. Wiki nzima pale mlangoni alikuwa anamwita, na alikuwa ananiuliza mimi nimempeleka wapi.

"Nakuja naye, baba," nikamwambia. "Subiri hapa."

Nikakimbia hadi kizimba cha tisa.

Kulikuwa na mbwa mwingine. Mweusi, mzee, amelala.

Mama Mbwa alitoka ofisini. Aliponiona akavua glavu zake, moja, halafu ya pili.

"Jana asubuhi, mwanangu."

"Hapana."

"Nilikupigia. Mara nne nilikupigia. Nilikuwa tayari kumficha hata wiki nyingine, nilitaka tu useme unarudi."

Nikashika ule waya.

"Aliumia?"

"Nilimshika. Alikuwa anatikisa mkia. Alidhani tunacheza."

Sijui nilirudije kwenye gari. Najua tu kwamba baba alikuwa amechungulia dirishani, akanitazama mimi, kisha akatazama nyuma yangu. Akatazama miguuni kwangu. Akatazama tena getini, labda anakuja peke yake.

"Toka?" akauliza.

Nikafungua mlango nikapiga magoti kwenye kokoto.

"Baba, Purukushani hayupo. Amekufa. Nilimleta mimi mwenyewe hapa. Nilidhani... ulipolisema lile neno, nilidhani unatufukuza. Mimi na yeye."

Lilichukua muda kumfikia. Niliona linavyomwingia, kidogo kidogo. Kwanza mbwa. Kisha mimi, kwamba wiki nzima nimeishi naye nikidhani nimefukuzwa.

Akainua mkono wake mzima akajipiga kofi mdomoni.

Akajipiga tena. Tena!

"Baba, usifanye hivyo! Baba!"

Niliudaka ule mkono nikaukumbatia kwa nguvu zangu zote, na yeye akalia kilio kisicho na neno lolote, mtu mzima, refa, analia kwenye teksi mchana kweupe. Dereva alishuka akaenda kusimama mbali, akatupa mgongo.

Kaka alirudi Alhamisi. Nilimngoja na ile karatasi mezani, niliomba nakala yake kliniki.

"Ulijua."

Akakaa.

"Nilijua. Niliogopa huyo mbwa atamvunja mzee. Ulikuwa husikii la mtu. Neno likajitokeza lenyewe, mdogo wangu, nikalitumia. Nilisema mbwa akishaondoka nitakueleza."

"Amechomwa sindano, kaka. Akirudishwa mara ya tatu wanampa siku saba tu."

Rangi ikamtoka.

"Hukuniambia habari za siku saba!"

"Na wewe hukuniambia habari za neno."

Baba alikuwa chumbani anasikia kila kitu. Kaka alikwenda kumpigia magoti. Baba alimshika kichwa. Mimi nilichelewa kidogo kumsamehe, na siku zingine bado sijamaliza.

Mbwa mwingine? Mmeanza kuniuliza hata kabla sijamaliza. Mama Mbwa alisema niende nikiwa tayari. Siko tayari. Ndala za baba ziko chini ya kitanda, hazivai, na anatembea peku.

Mafunzo mtajichotea wenyewe, kila mtu na chombo chake. Langu mimi ni hili: ukiambiwa neno likakuchoma, rudi ukaulize. Uliza hata kama unatetemeka. Mimi nilikuwa na siku saba nzima za kuuliza, aliyeniambia alikuwa chumba cha pili, na nilitumia siku zote hizo kumwogopa. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu ana miguu minne. Na ukichukua kiumbe ukamwambia yeyote "nina uhakika", basi uwe nao mpaka mwisho, usije ukamlipia woga wako kwa roho yake.

Wiki iliyopita nilijikaza nikamuuliza baba.

"Ile Jumapili, baba, ulitaka kusema nini?"

Akafikiri. Akanigusa mimi bega. Akaonyesha pale kwenye mkeka alipokuwa analala Purukushani. Akawaonyesha watu ambao hawapo, viti vitupu vya wageni. Kisha akajigonga kifua chake, mara mbili.

"Toka," akasema. "Toka, toka."

Alikuwa anawatambulisha. Alikuwa anawaambia ndugu zake, hawa ndio wangu.

Marobota nimeyafungua. Leo asubuhi niko kwenye cherehani, nashona pazia la dirisha la jikoni, nikamsikia kutoka chumbani, sauti yake ya uwanjani.

"Toka!"

"Abee, baba!" nikaitika, nikaenda.